Sauti Nyembamba Kwenye Santuri

Kuanzia Jumamosi ile mchana, mama yangu alikataa kukaa. Sio kwamba kazi zilikuwa nyingi. Kazi zilikuwa zimeisha, akaanza kuzifanya upya. Alifagia uwanja mara tatu mpaka kuku wakakosa pa kuchakura, wakahamia kwa jirani. Akachukua jembe, akaenda hadi kwenye viazi, akasimama, akarudi nalo. Akateleka chai, akaiepua kabla haijachemka, akaimimina na kuiacha ipoe. Mama ana miaka sabini na kitu, na hicho kitu huwa hakitaji, lakini siku ile alitembea ndani ya boma letu la Ruiri mwendo ambao ungemfanya mwanajeshi aombe likizo.

Chanzo kilikuwa redio.

Mimi nina kibanda cha nafaka mjini Meru, na Jumamosi nikifunga mapema hupanda kumwona. Tulikuwa barazani tukichambua maharagwe. Redioni kulikuwa na kipindi cha wanamuziki wa zamani, na mtangazaji, kijana mwenye sauti ya kupakwa asali, alikuwa amemwalika mzee kutoka Mbeere, kule Embu ya chini kwenye joto na mbuzi, asimulie historia ya bendi ya kwanza ya jazi upande wetu wa mlima. Niliongeza sauti kwa kishindo, kwa sababu mzee mwenyewe ni mkwe wetu. Dada yangu mdogo ameolewa na mwanawe. Nilijua kwamba zamani aliwahi kushika gitaa, lakini ni mzee gani wa rika lake ambaye hakuwahi?

Kumbe alikuwa mwenye bendi. Alieleza kwamba alikuja Meru miaka ya kwanza ya Uhuru, seremala wa kujenga madarasa. Gitaa lake la kwanza alilitengeneza kwa debe la mafuta ya taa na nyaya za breki ya baiskeli. Akampata Mkamba mmoja wa kupiga solo, Mmeru mmoja wa besi, na mtu wa kukwaruza chupa ya soda kwa msumari, na hapo wakawa jazi. Jazi yao haikuwa na tarumbeta hata moja. Wakati ule ukishakuwa na magitaa matatu na mtu wa chupa, wewe ni jazi, na asiyekubali aanzishe yake. Umeme waliupata kwenye betri ya lori. Walipopiga siku ya soko pale Kianjai, mzee alisema, watu walikuwa mia mbili. Mimi nikisimulia husema elfu mbili, na punda wao, kwa sababu mia mbili haionyeshi vumbi lilivyokuwa.

Halafu mtangazaji akapiga santuri yao. Walirekodi moja tu, Nairobi, na yeye alichagua upande wa pili. Gitaa moja likatangulia, la pili likalifuata kama mbuzi anayefuata chumvi, chupa ikaanza, kwacha-kwacha, wanaume wakaitikia. Kisha juu yao wote ikapanda sauti moja nyembamba, safi kama maji ya mfereji asubuhi, ikimwambia mtu fulani kwamba akifika ng'ambo ya mto apunge kitambaa.

"Mzee," mtangazaji akauliza, "huyu mwanamke anayetutoa machozi ni nani?"

Mzee alikohoa. Alikohoa mpaka nikadhani redio imeharibika.

"Hakuna mwanamke hapo," akasema. "Huyo ni mpiga besi wetu, Mungu amrehemu. Alikuwa na sauti nyembamba."

Mtangazaji akacheka, akashangaa, akasema hilo nalo ni la kuandikwa. Akatangaza kwamba Jumamosi inayofuata watamaliza historia hiyo, wasikilizaji wapige simu wachangie, kisha yote yaliyosemwa yatachapwa kitabu, watoto wasome.

Mama aliweka ungo chini. "Besi," akasema taratibu, kama mtu anayeonja kitu asichokijua. Akainuka, na ndipo ule ufagiaji ukaanza.

Jumatatu jirani alinipigia simu akiniuliza kama mama ameanza kufanya mazoezi ya riadha. Jumatano asubuhi nilikuwa kibandani nikimpimia mteja ndengu, nikainua macho, nikamwona mama amesimama katikati ya magunia na mkoba wake wa kanisani kwapani. Hakuwa amesema anakuja.

"Yule mpiga besi alikuwa na sauti ya fahali," akasema.

"Mama, umeamkaje?"

"Fahali! Akiomba chumvi mezani, sahani zinatikisika. Leo mkwe ananiambia sauti nyembamba?"

"Wewe ulimjulia wapi?"

Mteja wangu aliacha kuangalia mizani. Mama akamtazama mpaka akakumbuka ana safari, akachukua ndengu zake akaondoka. Kisha mama akafuta gunia kwa kiganja kama anayetaka kukaa, asikae.

"Yule anayeimba ni mimi," akasema.

Ngoja nikuambie kitu kuhusu elimu yangu. Mimi nilimaliza kidato cha nne nikiwa na miaka arobaini na mmoja, shule ya jioni, nikiwa nimekaa dawati moja na kijana ambaye ningeweza kumnyonyesha. Somo la historia nilipata alama ambayo mwalimu aliikagua mara mbili. Tulifundishwa kwamba historia ina vyanzo vyake, na kwamba masimulizi ya wazee ni chanzo kikubwa, tuwaendee na kalamu. Nikaandika insha mbili nzuri juu ya jambo hilo. Na muda wote huo chanzo kilikuwa kinanipikia uji.

Alinisimulia akitembea kati ya magunia, kutoka mahindi hadi njugu na kurudi. Alikuwa na miaka kumi na saba, akiishi kwa shangazi yake hapa mjini akijifunza ushonaji. Shangazi alikuwa akipika chakula nyuma ya ukumbi ambako bendi ilipiga Jumamosi alasiri, na mama aliosha vyombo. Akiosha, anaimba. Siku mbili kabla ya safari ya kwenda kurekodi, kijana wao wa sauti ya juu akashikwa na matubwitubwi, akavimba shingo ikawa kubwa kuliko lile debe la gitaa. Mwenye bendi akaja nyuma ya ukumbi, kofia mkononi, akamwomba shangazi amwazime msichana wa vyombo.

"Shangazi alikubali, lakini na yeye aje," mama akasema. "Nairobi tulikwenda juu ya lori la mbao. Shangazi alikaa kati yangu na wanaume, na mwiko ameushika."

"Mwiko wa nini, mama?"

"Wa kukumbusha."

Huko kulikuwa na maikrofoni moja kwa watu wote. Mama alisimamishwa nyuma kabisa, karibu na mlango, kwa sababu sauti yake ilikuwa inatoboa. Waliimba mara tatu, ya tatu ikakubaliwa. Akapewa leso. Mimi mwenyewe nilibebwa kwa leso hiyo, na sikuambiwa. Kwenye karatasi ya santuri waliandika jina la bendi tu.

Miezi michache baadaye, babu yangu, baba yake mama, ambaye alikuwa mzee wa kanisa mkali hata mbwa wake hawakubweka Jumapili, alipita Kianjai mbele ya mkahawa wenye gramafoni. Akasikia. Jioni hiyo akawaambia watu wa nyumbani kwamba kuna binti wa watu anapotea, ana sauti aliyopewa na Mungu naye ameipeleka kwenye jazi, na kabla ya chakula akamwombea kwa kirefu. Wote wakafumba macho. Mama, aliyekuwa amekuja kuwasalimu, akajibu amina pamoja na wengine. Akarudi kwa shangazi kuchukua nguo zake, na hakuimba tena nje ya kanisa. Hata humo kanisani huimba chini chini, kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto. Sasa ni mwenyekiti wa kina mama mwaka wa kumi na mbili, na hakuna aliyewahi kusikia sauti yake yote.

"Basi mpigie mkwe simu," nikamwambia. "Mwambie arekebishe."

Alinitazama kana kwamba nimemwambia akaoge katikati ya soko.

Sisi huku, watu waliooleana watoto ni athoni, na muthoni huheshimiwa kuliko kiti cha mfalme. Hamkai benchi moja. Hamtaniani. Hamli mkitazamana. Wimbo wa mapenzi mbele ya muthoni ni jambo ambalo hata mlevi hulikumbuka, akageuza njia. Ndipo nikakumbuka siku walipoleta mahari ya dada. Mama alitoka jikoni na kibuyu cha uji, akamwona baba wa bwana harusi, akageuka palepale, akanisukumia mimi kibuyu. Siku nzima hakutoka jikoni. Wageni walisifu: mama huyu ana heshima ya kale. Heshima! Walikuwa wametambuana, wawili wale, na hakuna aliyepepesa jicho.

"Nitamwambia nini?" mama akasema. "Kwamba nilimwimbia mapenzi?"

"Hukumwimbia yeye."

"Wimbo hauna bahasha. Kila anayeusikia ameandikiwa yeye."

"Basi acha."

"Siachi." Akafunga mkoba wake, akaufungua, akaufunga. "Watachapa kitabu. Watoto wa watoto wangu watasoma kwamba mimi ni mwanamume aliyekufa."

Alhamisi tukateremka Mbeere. Kaka yangu alikuwa akipeleka viazi Embu, akatuongezea mwendo hadi kwa wakwe, karibu na Siakago. Hatukwenda mikono mitupu: gunia la viazi, mkungu wa ndizi, sukari, na majani ya chai ya kutosha kuunywesha mkoa. Kwenye joto la kule mama alitoa sweta ya kwanza. Ya pili alikataa kuitoa, kwa sababu kwa athoni huvui nguo ovyo.

Mzee alikuwa uwanjani chini ya paa la ghala, akiparua mpini wa shoka. Alipoona ni nani, aliweka shoka chini, akasimama, akasalimu akitazama ardhi. Mama naye akasalimu akitazama mbuzi. Mke wa mzee, mwanamke mnene wa furaha, alimwekea mama kiti kwenye kivuli cha jikoni, hatua kama thelathini kutoka kwa mzee. Mama akashukuru, akasimama kando ya kiti. Dada yangu akaleta uji. Na mimi nikawekwa katikati, juani, niwe mdomo wa pande zote mbili. Walikuwa wakisikiana vizuri kabisa, hata kuku walikuwa wakisikia, lakini neno la muthoni halirushwi juu ya uwanja kama jiwe. Lazima libebwe.

"Mwambie muthoni," mama akaanza, "nimesikia redio."

Nikageuka. "Mzee, mama anasema amesikia redio."

"Mwambie muthoni nilijua atasikia. Nilitumaini betri zake zimeisha."

Nikabeba. Mke wa mzee akacheka ndani ya aproni.

"Mwambie, mpiga besi tangu lini?"

"Mwambie," mzee akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikawa ndogo, "yule kijana aliniuliza ghafla. Nikaona uso wa muthoni. Nikaona kina mama wa kanisa lake wakimgeukia Jumapili. Ningesema nini, kwamba muthoni wangu alikuwa akiimba mbele ya walevi? Nikamfunika. Mpiga besi hana mke wala mtoto wa kuaibika. Nikamtwika yeye."

Nikalibeba lote, na lilikuwa zito. Mama alizunguka kile kiti mara moja, mara mbili.

"Mwambie asante kwa kunifunika," akasema. "Lakini mwambie amenifunika hadi kichwani. Anayefunikwa hadi kichwani ni maiti."

Hilo sikulibeba. Halikuhitaji kubebwa. Mzee alilipokea mwenyewe, akaketi juu ya gogo, na mke wake akaacha kucheka.

"Mimi nimejua miaka yote," mke wake akasema, bila mpatanishi, kwa kuwa wanawake kwa wanawake huruhusiwa. "Akilewa kidogo, zamani, alikuwa akisema: bendi yetu ilikuwa ya magitaa, lakini santuri yetu ilikuwa ya yule msichana. Sikujua ni wewe mpaka mahari. Niliona kibuyu kinageuka."

Mama akamtazama mzee, akakumbuka, akarudisha macho kwa mbuzi haraka.

"Mwambie arekebishe Jumamosi."

Mzee alitikisa kichwa kabla sijafungua mdomo. "Mwambie siwezi. Nikitaja jina la muthoni pamoja na wimbo ule, watu wote wakisikia, sitaweza tena kukanyaga kwake, wala mwanangu. Hiyo asinitake. Lakini mimi sitampinga mtu. Mpiga besi nitamtoa. Nafasi itakuwa wazi. Anayejua aliyekuwa hapo, ana simu."

Tulikula kuku, wao kule, sisi huku. Njiani kurudi mama alishuka kila tulipopunguza mwendo, akidai miguu imekufa ganzi. Haikuwa imekufa. Miguu ile ilikuwa hai kuliko gari.

"Nikisema, uenyekiti umekwisha," aliniambia tulipopita Embu. Tulipofika Chuka akasema, "Uenyekiti ni kitambaa cha kichwa tu." Kabla ya Nkubu akasema hapigi simu yoyote, yeye ni mama wa kanisa. Meru ilipoonekana akaniuliza simu yangu ina salio.

Jumamosi sikufungua kibanda kabisa. Kipindi kilipoanza mama alikuwa uwanjani amevaa viatu vya ibada na aproni. Redioni mzee, akiongea kwa simu kutoka kwake, alitimiza neno lake. Alisema kwamba kuhusu mpiga besi alikosea, uzee humchanganya mtu, sauti ile haikuwa yake, na zaidi ya hapo hana la kusema. Mtangazaji akamsukuma. Mzee akaaga, akarudi kwa mbuzi wake.

Nikaanza kupiga. Mstari ulikuwa na watu mara hamsini, na hapo nahesabu kwa upole. Ya hamsini na moja ikashika. Nikampa mama simu kama mtu anayetoa kaa la moto.

"Karibu hewani! Unaitwa nani, mama?"

Sasa, mama yangu kwa kawaida hujitambulisha kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Siku hiyo alitaja jina lake la ubatizo, jina la nyumbani, jina la baba yake mzee wa kanisa, ukoo, na kijito kinachopita nyuma ya boma. Nikatazama angani. Hapakuwa na pa kurudi.

"Yule anayeimba kwenye santuri ni mimi. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Nilisimama karibu na mlango."

Mtangazaji alibabaika, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu apate kazi. "Mama... usinielewe vibaya. Leo asubuhi wamepiga wengine watatu, kila mmoja anasema ni yeye. Mmoja alikuwa mwanamume. Tuimbie kidogo tu, tusikie."

Mama alifungua mdomo. Akaufunga.

"Siwezi."

"Kwa nini, mama?"

"Muthoni wangu anasikiliza, huko Mbeere."

Kijana akacheka. "Lakini yeye yuko Mbeere!"

"Kwani redio yenu haifiki Mbeere?"

Kijana akasema ngoja tupate tangazo, mama, usikate, na ikaanza sauti ya kusifu mbolea. Mama alisimama na simu sikioni, mkono mwingine ukikunja aproni na kuikunjua. Nilitaka kulia na nilitaka kucheka. Na mara simu ya mama mwenyewe, iliyokuwa mfukoni mwa sweta yangu, ikaanza kutetemeka. Alikuwa dada yangu.

"Mwambie mama aimbe!" alikuwa akihema. "Mzee amezima redio. Amezima na ya jirani pia. Amechukua fimbo ameenda na mbuzi mpaka bondeni, nimemwona kwa macho yangu. Amesema aimbe, lakini afanye haraka, mbuzi wenyewe wameshiba!"

Nikamwonyesha mama kwa ishara: mkono wa kuzima, mkono wa fimbo, mbuzi. Alielewa yote. Mbolea ikaisha.

Aliimba. Nisikudanganye, na mimi ndiye nakuambia, mtu ambaye huongeza punda: haikuwa sauti ile ya santuri. Ilikuwa na nyufa. Ilianza chini chini, kule kanisani, ikasitasita kama mtu anayetafuta ngazi gizani, halafu ikafika pale kwenye kitambaa na mto, ikapanda. Palepale. Juu ya wanaume ambao hawakuwepo, karibu na mlango ambao haukuwepo. Kuku walisimama, na hao kuku siwaongezei.

"Umeandika?" akauliza alipomaliza.

"Naandika, mama." Sauti ya asali ilikuwa imepata chumvi.

"Soma nisikie."

Kijana akasoma jina lake lote hewani, na la baba yake, na ukoo, na kijito hakukisahau. Mama akasikiliza hadi mwisho, akanirudishia simu bila kuaga.

Hatukupata hata dakika. Simu yake ikalia tena, na safari hii jina kwenye kioo lilikuwa la makamu wake wa kina mama. Mama akapokea, akaiweka mbali kidogo na sikio, kwa hiyo nilisikia.

"Mwenyekiti, yule redioni..."

"Ni mimi."

Nilisikia mtoto akilia upande wa pili, mlango ukifungwa. Kisha makamu akasema ngoja kwanza, atapiga, na akakata.

Mama aliitazama simu. Akavua aproni, akaitundika msumarini, akatwaa kitambaa chake cha kichwa cha uenyekiti, akakifunga vizuri mbele ya kioo kidogo cha mlangoni.

"Twende," akasema.

"Wapi, mama?"

"Kwake. Haya mambo hayazungumzwi kwa simu."

"Angalau tunywe chai!"

Lakini alikuwa ameshafika getini, viatu vya ibada vikipiga mawe, na mimi nikakimbia nyuma yake na mkoba wake mkononi, na kibiriti cha kuwashia moto wa chai, sijui nilikitoa wapi.